Nafasi za mafunzo na kazi kwa wanaastronomia chipukizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza na uzamili, na kwa waliohitimu uzamivu lakini bado hawajapata ajira ya kudumu. Masharti ya programu hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kabla ya kutuma maombi soma tangazo lenyewe la mwaka husika mpaka mstari wa mwisho. Wengi hukataliwa kwa sharti ambalo lilikuwa limeandikwa wazi.

Sikusoma astronomia chuoni. Je, nimechelewa?

Hujachelewa. Vyuo vikuu vingi duniani havina kabisa shahada ya kwanza ya astronomia, na walio wengi katika fani hii waliingilia mlango wa fizikia. Wengine walitoka kwenye hisabati, sayansi ya kompyuta, kemia au jiolojia. Wahandisi wa umeme nao wasijione wageni. Darubini ya redio ya SKA inajengwa Afrika Kusini na Australia, na upande wa Afrika Kusini itakuwa na madishi 197, yakiwemo 64 ya MeerKAT ambayo tayari yanafanya kazi. Kila dishi linahitaji kipokezi, mfumo wa kukipoza, nyaya za kusafirisha data na programu za kuchakata mawimbi. Kazi hizo haziwezi kuachiwa mtu aliyesoma nadharia ya galaksi peke yake.

Ukiwa na mwaka mmoja wa kuziba pengo, tunakushauri uutumie kwenye takwimu na kuandika programu kwa lugha ya Python kabla ya kufungua kitabu kingine cha nyota. Anayejua kukadiria kosa lililomo kwenye kipimo chake atajifunza astronomia akiwa kazini. Asiyejua hilo atasumbuka hata akiwa amekariri majina ya aina zote za nyota.

Mwanafunzi anaweza kweli kufanya utafiti wenye maana?

Ndiyo, na historia ya fani hii inathibitisha. Jocelyn Bell Burnell alikuwa mwanafunzi wa uzamivu huko Cambridge mwaka 1967 alipoona alama ndogo isiyoeleweka kwenye karatasi za kinasa mawimbi. Hiyo ndiyo pulsa ya kwanza kujulikana, yaani nyota ndogo inayozunguka kwa kasi na kutoa mapigo ya mawimbi ya redio. Didier Queloz alikuwa mwanafunzi wa uzamivu pale yeye na Michel Mayor walipotangaza, mwaka 1995, sayari inayozunguka nyota ya 51 Pegasi. David Narkevic hata uzamivu alikuwa hajaanza: alikuwa wa shahada ya kwanza, akipitia data za darubini ya redio ya Parkes, Australia, zilizorekodiwa mwaka 2001, alipokutana na mlipuko mfupi na mkali wa mawimbi ya redio. Ulichapishwa mwaka 2007, na tangu hapo umezaa tawi zima la utafiti.

Wote watatu walipewa data na mtu aliyewaamini, nao wakazitazama kwa makini kuliko walivyoagizwa.

Mahali nilipo hakuna darubini wala mwalimu wa astronomia. Nianzie wapi?

Anzia kwenye data za wazi. Sehemu kubwa ya data za darubini za angani hutolewa bure kwa mtu yeyote baada ya muda maalumu, na nyingine hutolewa papo hapo. Toleo la tatu la data za Gaia, chombo cha Ulaya kilichopima mahali na mwendo wa nyota, lililotoka mwaka 2022, lina taarifa za vitu karibu bilioni 1.8 vya angani. Hakuna kundi la watafiti duniani linaloweza kuzimaliza.

Tuchukue mfano mmoja unaoweza kuufanya ukiwa peke yako. Nyota iitwayo WASP-18 ina sayari kubwa inayoizunguka kila baada ya saa 22 na nusu hivi. TESS, chombo cha NASA cha kutafuta sayari za nyota nyingine kilichorushwa mwaka 2018, hukodolea macho eneo moja la anga kwa takriban siku 27 kabla ya kuhamia jingine. Ingia kwenye hifadhi ya data ya MAST, pakua data za nyota hiyo kwa kutumia maktaba ya Python inayoitwa Lightkurve, kisha chora grafu ya mwanga dhidi ya muda. Utaona mwanga ukishuka kwa takriban asilimia 1 sayari inapopita mbele ya nyota, ukibaki chini kwa saa mbili hivi, halafu ukipanda tena. Ndani ya data za siku hizo 27, hali hiyo itajirudia zaidi ya mara ishirini.

Sasa pima. Kipindi ni saa ngapi, na kosa la kipimo chako ni kiasi gani? Chukua kipeuo cha pili cha kina cha mshuko: utapata uwiano wa kipenyo cha sayari kwa kipenyo cha nyota, na kwa asilimia 1 uwiano huo ni karibu moja ya kumi. Kisha tafuta makala iliyochapishwa kuhusu sayari hiyo, ulinganishe. Jibu lako likitofautiana na lao, usilifute. Pikseli moja ya TESS hufunika takriban sekunde 21 za tao, yaani eneo pana la anga, kwa hiyo mwanga wa nyota jirani unaweza kuwa umechanganyika na wa nyota yako. Au pengine ulisawazisha data kwa ukali mno ukapunguza kina cha mshuko. Siku utakayotumia kutafuta chanzo cha tofauti hiyo itakufundisha zaidi ya mihula kadhaa ya kusikiliza mihadhara.

Ukimaliza, andika ripoti ya kurasa nne, weka grafu zako na programu uliyoandika mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuziona na kuzirudia. Hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza. Kamati za udahili husoma mamia ya barua zinazosema "napenda anga tangu utotoni". Ripoti fupi iliyokamilika ni chache, na ndiyo maana husomwa.

Nahitaji kompyuta yenye nguvu?

Kwa zoezi kama hilo, laptopu ya kawaida inatosha. Data zikiwa kubwa, tumia mifumo ya bure ya mtandaoni kama SciServer ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambako programu yako hukimbia kwenye kompyuta zao, karibu na data zenyewe. Kikwazo cha kweli mara nyingi ni intaneti, kwa hiyo zoea kupakua kidogo kidogo: nyota moja, picha moja, jedwali moja.

Ni mafunzo gani ya muda mfupi yanayopokea watu wa nchi zote?

Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, IAU, umekuwa ukiendesha shule ya kimataifa ya wanaastronomia vijana, ISYA, tangu mwaka 1967. Hudumu kwa takriban majuma matatu, huhamahama kutoka nchi hadi nchi, na hulenga hasa maeneo ambako wanafunzi hawana nafasi nyingi za kukutana na watafiti. Tunaipenda kwa sababu ya jambo ambalo halimo kwenye ratiba: unaondoka ukiwa na marafiki ambao baada ya miaka kumi watakuwa wenzako kwenye miradi.

Kituo cha astronomia cha Vatikani nacho huandaa shule ya mwezi mzima huko Castel Gandolfo, Italia, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, tangu mwaka 1986. Huchukua wanafunzi wapatao 25 na hairuhusu zaidi ya wawili kutoka nchi moja, kwa hiyo anayetoka nchi yenye waombaji wachache asijipunguzie matumaini. Dini ya mwombaji haiangaliwi, na ada ya masomo haipo.

Ukitaka utafiti wenyewe badala ya mihadhara, angalia LEAPS ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi. Huko mwanafunzi ambaye bado hajaanza uzamivu hufanya mradi mmoja na msimamizi mmoja wakati wa kiangazi. Kwa Afrika kuna DARA, mradi wa Uingereza na Afrika Kusini uliofundisha astronomia ya redio kwa vijana wa nchi washirika wa SKA, zikiwemo Kenya, Zambia, Ghana, Botswana, Namibia, Msumbiji, Madagaska na Morisi. Programu za REU za Marekani, za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, ni maarufu sana, lakini nyingi ni za raia na wakaazi wa kudumu wa nchi hiyo tu. Thibitisha hilo kabla ya kupoteza wiki nzima ukijaza fomu.

Uzamivu nikaufanyie wapi?

Tofauti kubwa iko kwenye mfumo. Marekani huweza kukuchukua moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Miaka miwili ya mwanzo huwa na madarasa, na safari nzima huchukua kama miaka mitano hadi saba. Ulaya kwa kawaida hutaka uwe na uzamili, kisha uzamivu ni miaka mitatu hadi minne ya utafiti mtupu. Uholanzi na nchi za Skandinavia mwanafunzi wa uzamivu ni mwajiriwa mwenye mkataba, mshahara na likizo. Ujerumani ina shule za uzamivu za IMPRS chini ya taasisi za utafiti za Max Planck, zenye tangazo moja la pamoja kwa wasimamizi wengi, jambo linalokuepusha na kubahatisha mlango mmoja mmoja.

Shauri letu la dhati ni moja: usianze uzamivu wa astronomia kwa kujilipia mwenyewe. Taasisi inayokuhitaji kweli hukulipa. Pia usichague chuo kwa jina lake ukamsahau mtu utakayekaa naye miaka hiyo yote. Waandikie wanafunzi wake wa sasa na waliohitimu, uwaulize wanakutana naye mara ngapi, huchukua muda gani kusoma rasimu zao, na waliotangulia wako wapi leo. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, hilo nalo ni jibu.

Nimwandikieje profesa nisiyemfahamu?

Kwa ufupi, na kwa jambo mahususi. Barua inayoanza kwa "ningependa kujiunga na kundi lako tukufu" hufutwa kabla haijafika aya ya pili, kwa sababu inaweza kutumwa kwa profesa yeyote duniani. Ilinganishe na hii:

"Profesa, nimesoma makala yenu kuhusu mimuliko ya nyota kibete nyekundu. Nimejaribu kuhesabu mimuliko ya nyota mbili kati ya zile mlizotumia, kwa data za TESS. Kwa moja nimepata idadi inayokaribiana na yenu, kwa nyingine nimepata ndogo. Je, inawezekana ni kwa sababu nilitumia vipimo vya kila dakika mbili badala ya vya kila sekunde ishirini? Nimeambatanisha grafu. Natafuta nafasi ya uzamivu kuanzia mwakani, na ningefurahi kujua kama mtakuwa na nafasi."

Ndani ya mistari michache profesa ameona kwamba umesoma, umejaribu, umekwama mahali penye maana, na unajua unachotaka. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili. Akinyamaza tena, geukia mwingine. Ukimya wake mara nyingi hauna uhusiano nawe, kwani wengine hupokea barua za namna hii kila siku.

Barua za mapendekezo zina uzito gani?

Uzito mkubwa kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani. Maombi mengi hudai barua tatu, na wahakiki huzisoma kwa kalamu mkononi. Barua dhaifu kabisa ni ile inayosema mwombaji ana nidhamu, ana bidii, na alipata alama A. Alama wameshaziona. Wanachotafuta ni tukio: alikwama wapi, alifanya nini alipokwama, aligundua kosa gani ambalo mwalimu hakuliona. Kwa hiyo mchague mtu aliyekuona ukifanya kazi, hata kama cheo chake ni kidogo. Mhadhiri kijana aliyekaa nawe muhula mzima mbele ya data atakusaidia kuliko mkuu wa kitivo asiyekumbuka sura yako.

Mwombe mapema, walau mwezi mmoja kabla, na umuulize hivi: "Je, unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua yenye nguvu?" Swali hilo humpa nafasi ya kukataa bila kukuvunjia heshima. Akikubali, mpelekee kila kitu kwa mkupuo: wasifu wako, rasimu ya andiko lako la utafiti, orodha ya mahali unapoomba na tarehe zake, na ukurasa mmoja wa kumkumbusha mliyofanya pamoja. Huo ukurasa ndio siri. Mwalimu mwenye wanafunzi mia mbili hakumbuki kwamba ni wewe uliyebaini jedwali lina safu mbili zilizobadilishana; mkumbushe, naye ataliandika. Wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho, mkumbushe tena kwa adabu. Hakuna anayekasirika.

Mwalimu akikuambia "andika mwenyewe, nitatia saini", usikubali haraka. Mwambie utamwandalia mambo ya msingi naye aandike kwa maneno yake. Wahakiki wazoefu hutambua barua tatu zilizotoka kwenye kalamu moja, na hapo maombi yote hupoteza imani.

Baada ya uzamivu kuna nafasi gani?

Kuna aina mbili. Ya kwanza ni kuajiriwa kwenye mradi wa mtu mwingine, ambako kazi imeshapangwa. Ya pili ni ufadhili binafsi, ambako unaleta wazo lako mwenyewe. Ukiipata ya pili una uhuru mkubwa, lakini ya kwanza si ya kudharauliwa: hukufundisha kufanya kazi ndani ya kundi, na ndipo wengi hujifunza chombo au mbinu ambayo hawakuigusa wakiwa wanafunzi.

Miongoni mwa za aina ya pili, ufadhili wa Hubble wa NASA ndio unaotajwa zaidi. Tangu mwaka 2018 umeunganisha matawi matatu yaliyopewa majina ya Einstein, Hubble na Sagan, hudumu hadi miaka mitatu, na katika miaka ya karibuni umechukua hadi watu 24 kwa mwaka. Watu wa mataifa yote wanaweza kuomba, ila unatumika katika taasisi za Marekani. ESO, shirika la Ulaya lenye darubini zake Chile, nalo hutoa nafasi Garching, Ujerumani, na Santiago, Chile. Anayekwenda Chile hufanya utafiti wake na pia hutumikia darubini kwa takriban usiku 80 kwa mwaka, kisha anaweza kupewa mwaka wa nne usio na majukumu hayo. Kama unapenda vyombo na huogopi kukesha, hakuna shule bora zaidi. Umoja wa Ulaya una ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, ulio wazi kwa raia wa nchi yoyote, lakini wenye sharti linalowanasa wengi: usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayotaka kwenda kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho.

Matangazo mengi hutoka kati ya Agosti na Desemba, na daftari la kazi la Jumuiya ya Wanaastronomia ya Marekani, AAS, ndilo la kuangalia kwanza, hata kwa kazi za nje ya Marekani. Kumbuka pia Februari 15. Taasisi nyingi zimekubaliana kwamba mtu aliyepewa nafasi ya utafiti baada ya uzamivu asilazimishwe kujibu kabla ya siku hiyo. Ukibanwa ujibu mapema, una haki ya kuutaja utaratibu huo kwa upole.

Ninaweza kuomba muda wa darubini nikiwa bado mwanafunzi?

Ndiyo. Darubini nyingi kubwa humruhusu mwanafunzi wa uzamivu kuwa kiongozi wa andiko la kuomba muda. Ushindani ni mkali: katika awamu ya nne ya maombi ya darubini ya angani ya James Webb yaliwasilishwa maandiko 2,377 yaliyoomba takriban saa 78,000, karibu mara tisa ya muda uliokuwepo. Hata hivyo kuna badiliko moja lililowafungulia vijana mlango. Tangu mwaka 2018 maandiko ya darubini ya Hubble huhakikiwa bila majina ya waandishi kuonekana, na vituo vingine vikubwa vimefuata. Mhakiki hajui kama aliyeandika ni profesa mashuhuri au mwanafunzi wa mwaka wa pili; anasoma swali lako na hesabu zako.

Wekeza nguvu kwenye hesabu hizo. Onyesha kwa nini unahitaji saa sita badala ya tatu, na utajuaje kama wazo lako si sahihi. Pale hasa ndipo maandiko mengi huanguka.

Nina mtoto, au nilisimama masomo kwa ugonjwa. Nitaonekana nimebaki nyuma?

Programu nyingi kubwa huhesabu miaka tangu uhitimu uzamivu, lakini huruhusu kuondoa miaka ya uzazi, ugonjwa au utumishi wa lazima. Andika jambo hilo wazi kwa sentensi moja, bila kuomba radhi. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie una posho ya familia. Tena kuna mifuko iliyoundwa kwa ajili ya wasiowakilishwa vya kutosha: Bell Burnell alipopewa tuzo ya dola milioni 3 mwaka 2018, aliitoa yote kuanzisha ufadhili wa uzamivu wa fizikia nchini Uingereza na Ayalandi kwa wanafunzi wa makundi hayo.

Nikikosa kazi ya kudumu, miaka yangu imepotea?

Nafasi za kudumu ni chache kuliko watu wanaohitimu uzamivu, na kila msimamizi ana wajibu wa kumwambia hivyo mwanafunzi wake siku ya kwanza. Tunasikitika kuona watu wakiambiwa hivyo mwaka wa mwisho. Lakini uchambuzi wa data, uandishi wa programu, utengenezaji wa vyombo vya mwanga, setilaiti, picha za kitabibu na ufundishaji vyote vinatumia ujuzi ule ule. Hata ndani ya astronomia kuna waendesha darubini, wahandisi wa programu, watunza hifadhi za data na waelimishaji wa majumba ya sayari. Darubini ya Rubin nchini Chile inatoa takriban terabaiti 20 za data kila usiku, na lazima wawepo wa kuzihudumia.

Nitajuaje tangazo ni la kweli?

Litafute kwenye tovuti ya taasisi yenyewe. Vyuo vya Marekani hutoza ada ya maombi ya udahili, na vingi huisamehe ukiomba. Kazi ya utafiti haitozi kitu. Anayekutaka utume pesa ili "ushughulikiwe mkataba" ni tapeli.

Nimekataliwa kila nilipoomba mwaka huu. Nifanye nini?

Pumzika kwanza, kisha tafuta maoni. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie humpa kila mwombaji ripoti inayoonyesha alama na maelezo ya wahakiki kwa kila kigezo. Waliopata asilimia 85 au zaidi bila kufadhiliwa hupewa cheti maalumu cha ubora, ambacho baadhi ya nchi za Ulaya hukitumia kutoa fedha zao wenyewe. Kwa hiyo usiitupe barua ya kukataliwa kabla ya kuisoma yote. Pale ambapo ripoti haitolewi, mpe andiko lako mtu aliye nje ya tawi lako, mwombe aweke alama mahali alipoacha kuelewa, na uandike upya kuanzia hapo.